Imani ya Mtunzi katika Kanuni za Mchezo: Uhakiki wa Ujumbe katika Michezo Teule ya Video

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna imani binafsi za watunzi zinavyojenga ujumbe wa michezo ya video. Michezo minne imeteuliwa: Ultima IV (1985), BioShock (2007), Phone Story (2011) na That Dragon, Cancer (2016). Mchezo wa ubao wa Elizabeth Magie, uliopewa hataza mwaka 1904, umetumika kama kitangulizi. Hoja kuu ni kwamba imani ya mtunzi hukaa kwanza katika kanuni za mchezo, yaani katika yale ambayo mchezaji anaruhusiwa kuyatenda, anatuzwa kwa kuyatenda au anaadhibiwa kwa kuyatenda. Maneno ya wahusika huja baadaye, na yanapopingana na kanuni, ujumbe unaobaki kwa mchezaji ni ule wa kanuni. Makala yanapendekeza kwamba mhakiki aanze na kanuni kabla ya kurejelea kauli za mtunzi kuhusu kazi yake.

1.0 Utangulizi

Swali la falsafa ya mtunzi ni kongwe katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa mapema kutafuta dhamira, ujumbe, msimamo, mtazamo na falsafa ya mwandishi. Mhakiki aliyebobea huendelea na swali hilohilo kwa zana pana zaidi: anapomsoma Shaaban Robert katika Kusadikika huuliza juu ya haki na utu, na anapomsoma Kezilahabi katika Kichwamaji huuliza juu ya maana ya maisha. Katika hali zote hizo mhakiki ana matini mbele yake. Karama anasema barazani, na msomaji anaupata msimamo wa kazi kupitia kusema kwake, hata pale ambapo msimamo huo umefichwa ndani ya istiara.

Mchezo wa video unaiweka desturi hiyo katika mtihani. Ndani yake mna maneno, picha, muziki na wahusika, lakini pia mna kitu ambacho riwaya haina: kanuni zinazotekelezwa na programu. Kanuni hizo huamua kwamba tendo fulani linawezekana na jingine haliwezekani, kwamba hili lina malipo na lile lina hasara. Mchezaji hazisomi kanuni hizo kama anavyosoma aya. Anazitambua kwa kutenda, kukosea na kutenda tena, hadi mwenendo unaotakiwa na mchezo unakuwa mwenendo wake kwa muda wote anaocheza. Mhakiki anayekusanya mazungumzo ya wahusika tu, kisha akatoa hitimisho kuhusu ujumbe, atakuwa ameacha sehemu kubwa ya kazi bila kuisoma.

Jambo la pili linalofanya swali hili liwe la lazima ni umiliki wa kanuni. Michezo ya jadi kama bao haina mtunzi anayejulikana. Kete 64 na mashimo 32 ya bao la Kiswahili, pamoja na taratibu za namua na mtaji, ni urithi wa jamii uliopita mikononi mwa vizazi vingi. Ni vigumu kuzihusisha taratibu hizo na imani ya mtu mmoja. Mchezo wa video, kwa upande mwingine, hutoka kwa watu wanaojulikana kwa majina, walioketi na kuamua kila kanuni. Uamuzi huo hufanywa na mtu mwenye dini au asiye nayo, mwenye itikadi, mwenye hofu na matumaini yake. Makala haya yanachunguza jinsi mambo hayo yanavyoingia katika kazi, na yanachopoteza au kupata wakati wa kuingia.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Mhakiki anayetaja imani ya mtunzi anatembea karibu na shimo linalojulikana. Wimsatt na Beardsley, katika makala yao ya mwaka 1946, walionya kwamba kusudi la mtunzi haliwezi kuwa kipimo cha maana ya kazi. Barthes, mwaka 1967, alitangaza kifo cha mwandishi na kuipeleka maana kwa msomaji. Onyo hilo lina uzito zaidi katika michezo ya video, kwa sababu watunzi wake huzungumza sana. Hutoa mahojiano, hotuba za mikutano na maelezo ya matangazo, na uhakiki mwingi huridhika kuyarudia maelezo hayo.

Makala haya hayakatai kauli za watunzi, ila yanazipa nafasi ya pili. Mkabala unaofuatwa unatokana na Ian Bogost, ambaye katika kitabu chake Persuasive Games (2007) alionyesha kwamba michezo ina balagha ya aina yake, inayoshawishi kwa njia ya taratibu badala ya maneno au picha. Kwa mkabala huu, kanuni ni fani na maudhui kwa wakati mmoja. Mfano wa pande mbili za sarafu, uliozoeleka katika uhakiki wa Kiswahili, unafaa hapa kuliko mfano wa kikombe na kilichomo: huwezi kumimina ujumbe wa mchezo katika chombo kingine ukabaki uleule.

Maswali matatu yanaongoza uchambuzi. Kwanza, kanuni zinaruhusu na kuzuia nini? Pili, zinatuza nini? Tatu, ni nani anayepewa nafasi ya kutenda na kusema, na ni nani anayekuwa kitu cha kutendewa tu? Majibu yanapopatikana ndipo yanapolinganishwa na imani ambayo mtunzi ameitangaza hadharani.

3.0 Ubao Mmoja, Kanuni Mbili

Ushahidi ulio wazi zaidi wa uzito wa kanuni ulikuwapo kabla ya kompyuta. Elizabeth Magie wa Marekani alikuwa mfuasi wa mwanauchumi Henry George, aliyeamini kwamba thamani ya ardhi huzalishwa na jamii nzima na kwa hiyo inapaswa kutozwa kodi kwa faida ya jamii. Magie aliibeba imani hiyo katika The Landlord's Game, mchezo wa ubao aliopata hataza yake mwaka 1904. Wachezaji walizunguka ubao wakinunua viwanja na kutozana kodi za pango, ili waone kwa macho yao jinsi mwenye ardhi anavyotajirika huku mpangaji akifilisika.

Baadaye mchezo huo ulikuja kuwa na seti mbili za kanuni. Katika seti moja, mshindi ni yule anayehodhi ardhi hadi wenzake wanaishiwa. Katika nyingine, kipato cha ardhi huingia katika hazina ya wote na ustawi wa mchezaji mmoja huwainua wengine. Kilichobadilika ni taratibu tu, na ujumbe uligeuka kabisa.

Historia ya baadaye inathibitisha jambo hilo kwa uchungu. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilinunua hataza ya Magie kwa dola 500 na kuuza mchezo wa Monopoly, ambao sifa za ubunifu wake zilipewa Charles Darrow. Kanuni zilizoenea duniani ni zile za kuhodhi. Mamilioni ya familia yamecheza mchezo uliotokana na imani ya mpinzani wa uhodhi, yakafurahia kuhodhi. Imani ya Magie haikupotea kwa sababu maelezo yake yalikuwa dhaifu. Ilipotea kwa sababu seti ya kanuni iliyoibeba iliachwa nyuma. Funzo hili ndilo linaloangaza michezo minne inayofuata.

4.0 Wema Unaohesabiwa: Ultima IV

Richard Garriott alikuwa tayari ametoa michezo mitatu ya Ultima kabla ya mwaka 1985. Ameeleza hadharani kwamba baada ya kuanza kuchapisha kazi zake kupitia kampuni yake ya Origin Systems, barua za wachezaji zilianza kumfikia moja kwa moja. Aligundua kuwa wengi walifika mwisho kwa kuiba madukani na kuua wanakijiji wasio na hatia, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa njia ya mkato. Hadithi iliwaita mashujaa. Kanuni ziliwalipa kwa ujambazi. Garriott aliyapokea matokeo hayo kama swali kuhusu kazi yake mwenyewe.

Jibu lake lilikuwa Ultima IV: Quest of the Avatar. Mchezo huu hauna adui mkuu wa kuuawa mwishoni. Lengo ni mchezaji kuwa kielelezo cha fadhila nane: ukweli, huruma, ushujaa, haki, kujitoa, heshima, ucha Mungu na unyenyekevu, zinazotokana na misingi mitatu ya kweli, upendo na ujasiri. Neno avatar limetoka katika Kisanskriti, na fadhila zenyewe ni mkusanyiko wa Garriott mwenyewe badala ya mafundisho ya dini moja. Mtunzi anaonekana hata ndani ya kazi: Lord British, mfalme anayempokea mchezaji, ndilo jina ambalo Garriott amelitumia kwa muda mrefu kujitambulisha.

Nguvu ya mchezo huu iko katika ukimya wa kanuni zake. Wauzaji wa mitishamba ni vipofu, na mchezaji hujitajia mwenyewe kiasi anacholipa. Anaweza kulipa pungufu na kuondoka na bidhaa. Hakuna mlinzi anayetokea, hakuna kengele inayolia. Lakini programu imeandika. Mbele ya safari mchezaji atakuta kwamba njia ya ukweli imefungwa kwake. Kwa kanuni hii Garriott aliweza kusema jambo ambalo hotuba ya mfalme isingeweza kulisema vizuri: kwamba uaminifu hupimwa pale ambapo mtu anadhani haonekani.

Hata hivyo, kanuni hiyohiyo inafichua mpaka wa imani yake. Kila fadhila ina hesabu yake ndani ya programu. Kutoa sadaka kwa ombaomba huongeza hesabu ya huruma, na kuchangia damu kwa mganga huongeza hesabu ya kujitoa. Programu inahesabu tendo. Haina njia ya kujua sababu ya tendo. Mchezaji anayetoa kwa kumwonea huruma ombaomba na yule anayetoa kwa sababu anahitaji kufaulu huandikiwa sawa. Kiswahili kina neno ria kwa wema unaotendwa ili uonekane, na methali inayosema tenda wema uende zako humwonya mtu asingoje malipo. Ultima IV haiwezi kumwacha mchezaji aende zake, kwa kuwa muundo wake mzima unategemea malipo hayo.

Garriott anaelekea kuihisi hatari hiyo, kwani alizificha hesabu. Mchezaji haoni namba. Humwendea mwonaji aitwaye Hawkwind katika kasri na kuelezwa kwa maneno jinsi anavyoendelea. Uamuzi huo unampunguzia mchezaji kishawishi cha kufanya biashara na fadhila, ingawa hauondoi daftari lenyewe. Ujumbe unaomfikia kwa hiyo una sehemu mbili: kwamba wema ni mwenendo wa muda mrefu, na kwamba kuna anayeuhesabu. Sehemu ya kwanza ni imani ya Garriott. Ya pili imeletwa na mashine aliyoitumia kuieleza, na wachezaji wa michezo mingi iliyofuata, yenye vipimo vya wema na ubaya, wameirithi ya pili zaidi ya ya kwanza.

5.0 Hoja na Fidia Yake: BioShock

Ken Levine, aliyesomea tamthilia katika Chuo cha Vassar, aliongoza ubunifu wa BioShock, mchezo uliotolewa mwaka 2007. Hadithi inatokea mwaka 1960 katika mji wa Rapture uliojengwa chini ya bahari ya Atlantiki na tajiri Andrew Ryan. Jina la Ryan linarejea kwa makusudi jina la Ayn Rand, mwandishi aliyetetea ubinafsi kama fadhila na kupinga serikali kuingilia jasho la mtu. Mchezaji anafika wakati mji umekwisha kuanguka. Maji yanavuja, wakazi wamepoteza akili kwa kutumia dawa ya ADAM inayobadilisha miili, na rekodi za sauti zilizotapakaa zinasimulia jinsi Ryan, mtetezi wa uhuru wa soko, alivyoishia kuitwaa kwa nguvu kampuni ya mshindani wake. Kwa upande wa maneno na mandhari, msimamo wa kazi hauna utata: itikadi inayodai kuwa kamilifu huvunjwa na watu wanaoiishi.

Kanuni zinasema nini? Kiini cha maadili ya mchezo ni wasichana wadogo waliobeba ADAM miilini mwao. Mchezaji anayemshika mmoja anaweza kumuua na kupata ADAM 160, au kumwokoa na kupata 80. Hapa imani ya Rand inawekwa mikononi mwa mchezaji kama kishawishi: nguvu zaidi kwako, kwa gharama ya mtoto. Lau kanuni zingeishia hapo, mchezaji angelazimika kuona kwamba huruma ina bei. Lakini kwa kila wasichana watatu waliookolewa, mwanasayansi Tenenbaum huleta zawadi yenye ADAM 200. Aliyeokoa watatu anafikisha 440, aliyeua watatu ana 480. Tofauti inakuwa ndogo mno kumbadilishia mchezaji safari yake.

Hii ndiyo sehemu ambapo imani ya mtunzi inadhoofishwa na fidia. Kazi inayotaka kuonyesha ubaya wa ubinafsi inamhakikishia mchezaji kwamba kutokuwa mbinafsi hakutamgharimu. Kwa maneno mengine, inamshawishi awe mwema kwa hoja ambayo Ryan mwenyewe angeikubali: kwamba inalipa. Ni kweli kwamba mchezo wa kibiashara unaotengenezwa na timu kubwa hulazimika kumlinda kila mchezaji asikwame, na ni vigumu kusema uamuzi upi ulitoka kwa nani. Lakini ugumu huo hauondoi matokeo. Mchezaji hukutana na kanuni kama zilivyo, bila kujua zilivyojadiliwa mezani.

Clint Hocking, mtunzi mwenzake Levine katika tasnia hiyo, aligusa tatizo la karibu na hili katika insha yake ya Oktoba 2007 kuhusu mgongano kati ya mchezo na hadithi. Kwa Hocking, taratibu za mchezo humwalika mchezaji kufuata maslahi yake, ilhali hadithi inamlazimisha kumsaidia mhusika Atlas bila kumpa nafasi ya kukataa. Katikati ya mchezo inabainika kwamba utii huo ulipandikizwa: kauli fulani ya ombi, iliyorudiwa tangu mwanzo, ilikuwa amri asiyoweza kuipinga. Ni mojawapo ya sehemu zenye nguvu sana katika historia ya michezo ya video, kwa kuwa kanuni na ujumbe vinakutana ghafla: kumbe ukosefu wa hiari ulikuwa ndiyo mada. Hata hivyo, baada ya ufunuo huo mchezaji anaendelea kupokea maelekezo mapya kutoka kwa Tenenbaum, na hana njia nyingine isipokuwa kuyafuata. Levine aliona kwamba uhuru unaotangazwa unaweza kuwa utumwa uliofichwa. Kazi yake ilithibitisha hilo kwa kina kuliko maneno yake, kwani yenyewe haikuweza kutoka katika utumwa huo.

6.0 Simu Inayosema, Mchimbaji Asiyesema: Phone Story

Ikiwa katika BioShock imani ilipunguzwa makali ili mchezaji asiumie, katika Phone Story imani imeachiwa makali yake yote. Mchezo huu mfupi ulitolewa mwaka 2011 na Molleindustria, jina analotumia Mwitaliano Paolo Pedercini katika kazi zake za kupinga utaratibu wa makampuni makubwa. Una hatua nne zinazofuata maisha ya simu ya mkononi: uchimbaji wa koltani nchini Kongo, kiwanda cha kuunganishia simu nchini China, foleni ya wanunuzi, na taka za kielektroniki nchini Pakistani. Apple iliuondoa katika duka lake la programu mara tu baada ya kuuingiza, na tukio hilo likaupa umaarufu ambao pengine usingeupata.

Katika hatua ya kwanza mchezaji huwaongoza walinzi wenye silaha. Watoto wanaochimba wakichoka na kusimama, mchezaji huwapeleka walinzi wawakaripie hadi waendelee. Hakuna kitufe cha kuwaacha wapumzike. Anayekataa kuwasumbua hafikii kiasi cha madini kinachotakiwa, na hatua inamshinda. Kanuni hii inatekeleza imani ya Pedercini kwa ukamilifu: mnunuzi wa simu ni mshiriki, na nia yake njema haimtoi katika ushiriki huo. Tofauti na Ultima IV, hapa hakuna wema wa kuhesabiwa. Tofauti na BioShock, hakuna fidia. Na kwa kuwa mchezo unachezwa kwenye simu, kidole kinachowatuma walinzi kinagusa kioo cha kitu kilekile kinacholaumiwa.

Swali la tatu la uchambuzi, la nani anasema, linafichua upungufu wa ukamilifu huo. Msimulizi wa mchezo ni simu yenyewe. Ndiyo inayoeleza ilivyozaliwa, kwa sauti ya kejeli inayomlenga mnunuzi. Watoto wa mgodini hawana neno. Hawana majina, hawazungumzi wao kwa wao, hawana tendo lolote isipokuwa kuchimba na kusimama. Mashariki mwa Kongo, yanakochimbwa madini hayo, Kiswahili ni lugha ya soko, kanisa na nyumbani. Ni eneo lenye watu wanaosimulia maisha yao. Katika mchezo eneo hilo limekuwa shimo lenye miili. Mazungumzo yote ni kati ya mtunzi wa Ulaya na mnunuzi mwenye fedha, na mchimbaji ni ushahidi unaoonyeshwa kati yao.

Inaweza kujibiwa kwamba ukimya huo ni wa makusudi, kwamba mfumo wenyewe ndio uliowanyamazisha wachimbaji na mchezo unaiga mfumo. Jibu hilo lina mashiko, lakini halitoshi. Kazi inayoiga unyamazishaji bila kuacha ufa wowote humwachia mchezaji picha ileile aliyokuwa nayo, ikiwa imeongezewa hatia. Mchezaji anajifunza mengi kuhusu nafsi yake na machache kuhusu mtoto. Imani kali ya haki inaweza, kwa ukali wake, kumgeuza anayetetewa kuwa kitu.

7.0 Imani Isiyoahidi Ushindi: That Dragon, Cancer

Mchezo wa mwisho unatoka kwa watunzi ambao imani yao ilikuwa hatarini wakati wanatunga. Ryan na Amy Green, wanandoa Wakristo wa Marekani, walikuwa na mtoto, Joel, aliyegunduliwa kuwa na saratani ya ubongo akiwa na umri wa mwaka mmoja. Walianza kutengeneza mchezo kuhusu ugonjwa huo pamoja na Josh Larson na wenzao wakati mtoto yu hai, wakitumaini uponyaji. Joel alifariki Machi 2014 akiwa na miaka mitano. Mchezo ulitolewa Januari 2016.

Watunzi wenye imani kama yao wangeweza kutunga mchezo ambao maombi ni silaha na saratani ni adui anayeanguka. Jina la mchezo linakaribisha matarajio hayo, kwa kuwa katika michezo ya video joka lipo ili liuawe. Katika sehemu moja wazazi wanawasimulia watoto wengine habari za Joel kwa mfano wa askari mdogo anayepigana na joka, na mchezaji anapewa mchezo mdogo wa kuruka na kurusha mikuki. Anacheza kwa juhudi, lakini joka haliangushwi. Ustadi, ambao katika mchezo wa kawaida ndiyo njia ya kupita, hapa haufungui kitu.

Tukio linalobeba uzito wa kazi nzima ni usiku wa hospitali. Ryan yuko peke yake na mtoto anayelia kwa kiu na hawezi kushikilia kinywaji tumboni. Mchezaji hujaribu kila kinachowezekana chumbani: kumpa maji ya matunda, kumbembeleza, kutembea naye. Kila tendo linakubaliwa na programu, na hakuna linalonyamazisha kilio. Mwishoni Ryan anaomba, na mtoto analala. Msomaji wa haraka angesema kanuni imeyatuza maombi. Lakini usingizi huo si uponyaji, na mchezo unaendelea hadi kifo. Maombi hayajawekwa kama kitufe kinacholeta matokeo. Yamewekwa mahali ambapo vitufe vyote vimekwisha. Hapo ndipo kanuni za mchezo huu zinaposema kuhusu imani jambo ambalo daftari la Ultima IV haliwezi: kwamba anayeomba hana uwezo juu ya anachokiomba.

Wazazi wenyewe hawako mahali pamoja. Amy anashikilia tumaini la uponyaji. Ryan anazama, na mchezo unamwonyesha akizama kweli baharini, huku mchezaji akipewa nafasi ya kuelea naye au kushuka zaidi. Kazi haimtangazi mmoja wao kuwa ndiye aliyeamini sawasawa. Tena inatoa nafasi kwa wengine: kuna sehemu ya hospitali iliyojaa kadi zilizoandikwa na watu waliochangia utengenezaji, kila moja ikimkumbuka mpendwa aliyepotea. Mchezaji akizisoma anakutana na sauti ambazo hazikutoka kwa watunzi, na nyingine hazina tumaini lao.

Mwisho wa mchezo unamwonyesha Joel katika mahali pa amani, akila chapati za maji na mbwa wake. Kwa mchezaji asiye na imani hiyo, sehemu hii inaweza kuonekana kama faraja iliyotolewa kwa haraka, na mhakiki hana haja ya kuukana upungufu huo: hapa kwa mara ya kwanza watunzi wanaonyesha badala ya kumwacha mchezaji atafute. Hata hivyo faraja hiyo haikununuliwa kwa ushindi. Mchezaji hakuipata kwa kucheza vizuri, wala hawezi kuikosa kwa kucheza vibaya.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonyesha kwamba imani ya mtunzi haihamii katika mchezo ikabaki nzima. Inapogeuzwa kuwa kanuni hubadilika. Fadhila za Garriott ziligeuka hesabu. Ukosoaji wa Levine ulipewa fidia. Haki ya Pedercini ilimnyamazisha aliyetetewa. Na tumaini la akina Green lilipata nguvu pale tu lilipokubali kutokuwa na ushindi. Magie, aliyetangulia wote, alipoteza ujumbe wake pale kanuni zake zilipobaguliwa. Mabadiliko hayo hayaonekani kwa mhakiki anayeuliza tu mtunzi alikusudia nini, wala kwa yule anayetangaza kwamba mtunzi amekufa. Yanaonekana pale imani iliyotangazwa inapowekwa kando ya kanuni iliyotungwa na umbali kati yake kupimwa.

Kwa uhakiki wa Kiswahili, jambo hili lina uzito wa kipekee. Vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Bukavu wanacheza michezo ambayo, kwa sehemu kubwa, imetungwa mbali nao na watu wenye imani zao. Mjadala wa hadhara kuhusu michezo hiyo mara nyingi huishia kwenye picha za damu na lugha chafu, mambo yanayoonekana na kusikika. Kanuni hupita bila kuulizwa: kwamba ardhi ni ya kuhodhi, kwamba wema ni wa kulipwa, kwamba mtu fulani yupo ili apigwe risasi na mwingine yupo ili aokolewe. Haya ndiyo mafunzo ambayo mchezaji huyafanyia mazoezi kwa saa nyingi, kwa mikono yake mwenyewe.

Inapendekezwa kwa hiyo kwamba orodha iliyozoeleka ya dhamira, ujumbe, msimamo na falsafa iongezewe swali la kanuni, nalo litangulie. Mhakiki acheze kazi hadi mwisho, ajaribu pia kuicheza kinyume na inavyotaka, na aandike ni wapi ilimzuia. Pale ilipomzuia ndipo mtunzi aliposimama.